Mdogo wangu, uliza kwanza ndipo utoe pesa

 Sogezeni mikeka, leo dada yenu ana neno zito kidogo.

Kila nikikaa na vijana wetu hapa Puge nasikia kilio kilekile. Chumba kimepanda, kiwanja kimepanda, bati na saruji vimepanda, ila pesa ya mavuno ni ileile. Mwalimu mpya anafika na begi lake, anaambiwa atoe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mshahara wa kwanza bado hajauona. Naijua hofu hiyo. Unalala sikio liko mlangoni, unasubiri hodi ya mwenye nyumba. Hilo halikufanyi mvivu wala mjinga, mdogo wangu, na usione haya kulisema.

Lakini nitakugombeza kidogo, kwa sababu nakupenda. Ughali unatuumiza, kweli, ila kinachotumaliza kabisa ni kutoa pesa kwanza na kuuliza baadaye. Nami yalinikuta. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu nilipouziwa kiwanja kando ya barabara. Dalali alikuwa na maneno ya asali, karatasi ina mhuri, majirani wawili wametia sahihi. Nikatoa akiba yangu yote ya upatu. Siku napeleka tofali, mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Binti, hukuambiwa kwamba hapa ni hifadhi ya barabara?" Neno hilo ndiyo kwanza nalisikia. Pesa haikurudi. Nilikaa wiki nzima siwezi kumtazama mama usoni.

Nchi yetu hii ya Unyamwezi ni ya njia tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi Bagamoyo na kurudi. Hata lami ya Nzega kwenda Tabora ilijengwa kwa vipande vilivyokutana hapa: Nzega–Puge na Puge–Tabora, kila kimoja zaidi ya kilomita 50. Njia huleta wateja, na wateja hupandisha bei ya ardhi. Sasa kila mtu anataka fremu inayotazama lami. Sikiliza basi: tangu Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Zamani zilikuwa mita 22.5. Zile alama za X unazoziona ukutani zina lugha yake. Nyekundu inasema wewe ndiye uliyeifuata barabara, bomoa, hakuna fidia. Kijani inasema barabara ndiyo iliyokufuata, unastahili kulipwa. Pima kwa futi kabla ya kupima kwa macho. Nyumba njema si mlango.

Ukiingia ndani kidogo, mbali na lami, usidhani umepona. Huko ni ardhi ya kijiji, nayo ina wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Mkutano mkuu ni nani? Ni wewe, ukiwa mkazi na umetimiza miaka 18. Kwa hiyo mtu akikuambia "mwenyekiti ameshamaliza, wewe lete hela tu," simama hapo hapo. Mhuri wa mtu mmoja si sauti ya kijiji. Muulize: mkutano ulikaa lini? Muhtasari uko wapi? Ukiona anakasirika, funga pochi yako urudi nyumbani.

Na ukipata ardhi yako kwa njia ya haki, usiridhike na karatasi ya mauziano iliyokunjwa chini ya godoro. Fuatilia Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Wengine wanaidharau, wanasema ni hati ya kijijini. Sivyo. Sheria imeipa hadhi sawa na hati ile ya mjini.

Hapa nawageukia wadogo zangu wa kike, na ninyi wa kiume msikilize maana mna dada na mabinti. Wangapi tumefyatua tofali, tumesomba maji, tumepika chakula cha mafundi, halafu jina letu halipo popote? Siku mume anafariki au anabadilika, unaambiwa urudi kwenu. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke imebatilishwa na sheria hiyohiyo ya 1999. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hati ya kimila inaweza kubeba majina yenu wote wawili. Liseme mapema, wakati mnapendana na mnacheka. Kulisema wakati wa ugomvi ni kuchelewa. Mkigombea ardhi, anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe wake ni saba, na watatu lazima wawe wanawake. Usiogope kuingia pale.

Ninyi mnaopanga, sijawasahau. Ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo usitegemee kwamba kuna mkono utakaomzuia mwenye nyumba kupandisha. Na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, huku vijijini kwetu hatulitegemei. Kinga yako ni mkataba wa maandishi: kodi kiasi gani, kwa muda gani, notisi ya siku ngapi. Omba kulipa kwa miezi mitatu mitatu, ukikubaliwa dai risiti. Mwenye nyumba muungwana hachukii maandishi.

Najua utaniambia, "Dada, mikutano hiyo inachosha, wanaongea wazee tu." Wanaongea wazee kwa sababu ninyi hamji! Mpango wa matumizi ya ardhi unapitishwa pale: wapi pawe makazi, wapi malisho, wapi shamba, wapi shule. Usipokuwepo, wengine watakukatia eneo la kuishi, kisha watakuuzia kwa bei yao. Wengi wenu mnaijua bei ya kiwanja cha Nzega mjini lakini hamjui mkutano wa kijiji chenu unakaa lini. Hilo linaniuma kuliko bei yenyewe.

Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ujao usikupite, mdogo wangu. Nenda na kalamu, kaa mbele, nyoosha mkono uulize viwanja vya vijana viko wapi na vinagawiwaje. Na hadi siku hiyo, yeyote akikuharakisha utoe pesa leo, mwambie dada yako amekukataza.