Kiwanda cha Kuchakata Gesi Hujengwa Wapi, na kwa Nini?

Wakazi wa Kariakoo, Gerezani na kata jirani wana haki ya kuuliza: ikiwa gesi asilia ya kusini imekwisha kufika Dar es Salaam, mbona bado tunapandisha mitungi ghorofani? Jibu fupi ni kwamba hizo ni gesi mbili tofauti. Ya mitungi huagizwa kutoka nje ya nchi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nyepesi na hupanda juu. Kwetu sisi hufika zaidi ikiwa imekwisha kugeuzwa umeme huko Ubungo na Kinyerezi. Jibu refu linahusu mahali, nalo ndilo somo la toleo hili.

Gesi itokayo kisimani haijawa bado bidhaa. Hutoka pamoja na maji na mafuta mepesi. Ikisukumwa hivyo hivyo katika bomba refu, maji hula chuma; tena penye baridi na mgandamizo mkubwa, maji na gesi hushikamana na kufanya vipande mfano wa barafu, viwezavyo kuziba bomba lote. Kwa sababu hiyo kiwanda cha kuchakata huwekwa karibu na visima, si karibu na mtumiaji. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Kiwanda kilijengwa kisiwani humo, wilayani Kilwa, na bomba likapita chini ya bahari hadi Somanga, ndipo likaja Ubungo. Bomba kubwa la pili lilizinduliwa Oktoba 2015, likiwa na viwanda viwili: kimoja Madimba mkoani Mtwara, kingine Songo Songo. Dar es Salaam haikujengewa hata kimoja, ingawa wateja wakubwa wapo hapa.

Hata hivyo, sababu za kihandisi hazikumaliza shauri. Januari 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kuja huku, na Mei mwaka huo zilizuka ghasia ambazo watu walipoteza maisha. Wapo waliosema kuwa watu wa kusini hawakuelewa maendeleo. Mwandishi haafiki. Kuchakata kulibaki Madimba, ni kweli, lakini kiwanda cha namna hiyo huendeshwa kwa mitambo na huhitaji watu wachache mno baada ya ujenzi kwisha. Ajira nyingi hufuata matumizi ya gesi: umeme, saruji, mbolea, viwanda. Wananchi waliuliza gesi itatumika wapi. Wakajibiwa itasafishwa wapi. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura tu.

Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika, uliotengewa eneo la Likong'o mkoani Lindi, una masharti yake tena. Gesi hupoozwa hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri ili ujazo wake upungue takriban mara 600, kisha hupakiwa melini. Basi ni lazima pawe na ufuko wenye kina. Penye ufuko wa namna hiyo mara nyingi pana watu, mashamba na makaburi.

Kariakoo haitaletewa kiwanda cha kuchakata. Vinavyoweza kuja ni vituo vya kujazia gesi bajaji na magari, pamoja na maghala ya mitungi, navyo hupimwa kwa vigezo vya jamaa moja: umbali kutoka makazi, njia ya gari la zimamoto, uimara wa ardhi. Mtu akitazama ramani ataona nafasi pana Jangwani na kudhani jibu limepatikana. Uwazi ule una sababu: ni bonde la Msimbazi, na maji yamekwisha kukizamisha kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa humo. Upande wa pili, katikati ya maduka, tunakumbuka moto wa Julai 10, 2021 uliolipitia Soko Kuu. Mtaa ambao mikokoteni huziba njia tangu alfajiri haufai kuhifadhi mitungi mingi, hata kama mwenye jengo ana kibali cha biashara.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi watakaoguswa wasikilizwe. Mkiitwa kwenye mkutano wa namna hiyo, ombeni kuonyeshwa mchoro wa eneo, umbali wa nyumba ya karibu na njia ya kuokolea watu. Ulizeni pia ni maeneo gani mengine yaliyofikiriwa na kwa nini yaliachwa. Kisha hakikisheni maswali yenu yameandikwa katika muhtasari kabla mkutano haujafungwa.