Si kila kutapika ni malaria

SWALI: Mama yangu ana miaka 67, anameza digoksini na Lasix kwa ajili ya moyo. Juzi alisahau kidonge cha digoksini, jana akameza viwili kufidia. Hata kabla ya hapo chakula kilikuwa hakipiti. Sasa anatapika na anasema mwanga wa taa ni wa manjano. Jirani anasema ni malaria, tumnunulie mseto. Tufanyeje?
Msomaji, Urambo

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mpelekeni mama hospitali ya wilaya leo hii, na asimeze digoksini tena mpaka daktari aseme. Bebeni dawa zake zote, hata pakiti tupu. Njiani mshikeni kifundo cha mkono, hesabuni mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60 au yakirukaruka, mwambieni muuguzi mara mnapofika.

Huo umanjano ndio ulionishtua. Tangu mwaka 1785 William Withering, daktari wa Uingereza aliyetibu kwa mmea unaotoa dawa za jamii hii, aliandika kwamba waliozidishiwa waliona vitu vya manjano au kijani.

Kidonge kimoja cha ziada pengine kisingemfikisha hapo. Nahofia dawa ilianza kurundikana kabla. Digoksini hutolewa na figo, na hata figo nzima huchukua siku moja na nusu hadi mbili kupunguza nusu yake tu. Figo zikichoka kwa umri, ya jana hukutana na ya leo. Lasix nayo hutoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikipungua, digoksini ileile huuumiza moyo zaidi. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno.

Malaria apimwe, ndiyo, mkoani kwenu Tabora ipo. Lakini msinunue dawa dukani kwa kukisia. Kwinini hupandisha kiwango cha digoksini mwilini, na mseto nao unaweza kugusa mapigo ya moyo. Daktari ajue kwanza anachomeza.

Msimpe maziwa wala maji ya chumvi ili atapike zaidi. Hospitali atapimwa ECG, figo na potasiamu. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Kitete. Dawa ya kuondoa sumu ya digoksini ipo, ila ni ghali mno, ndiyo maana nawahimiza muwahi.

Akipona, dozi iliyosahaulika hadi kesho yake isifidiwe. Aendelee na ya siku hiyo. Na kama kuna wajukuu nyumbani, vidonge hivyo vifungiwe kabatini, maana vichache tu vinaweza kumuua mtoto.