SOMO LA FAMILIA: KIPIMO KINABADILIKA, KITU NI KILE KILE

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 25:13-15, Luka 16:10



Juzi, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana wetu mmoja aliniletea daftari lake la fizikia. Swali la kubadili vipimo vya mchapuko alikuwa amekosa lote. Akaniambia, "Mchungaji, mimi fizikia nimeacha." Nilipotazama niliona hesabu anaijua, ila amenaswa na mitego mitatu. Watoto wetu wengi waliotoka shule za Kifaransa kule Kongo na kuingia shule za Kiingereza hapa Uganda wananaswa pale pale. Kwa hiyo leo tujifunze pamoja, wazazi na vijana.

1. MCHAPUKO NI NINI?

Ni kiasi ambacho mwendo wa kitu unaongezeka kila sekunde. Bodaboda ikiondoka, na baada ya sekunde 5 inakwenda mita 10 kwa sekunde, kwa wastani imeongeza mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Tunaandika 2 m/s², yaani mita 2 kwa sekunde mraba. Embe likianguka kutoka mtini, mchapuko wake ni karibu 9.8 m/s².

2. NGAZI YA VIPIMO

Mchapuko wa 1 m/s² ni sawa na:
- sentimita 100 kwa sekunde mraba
- milimita 1000 kwa sekunde mraba
- mikromita milioni 1 kwa sekunde mraba
- nanomita bilioni 1 kwa sekunde mraba

3. MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni kuzidisha mahali pa kugawanya. Akina mama wanajua jambo hili. Gunia moja la mahindi ukilipima kwa debe unapata madebe machache, ukilipima kwa kikombe unapata vikombe vingi. Mahindi hayakuongezeka. Kipimo kikiwa kidogo, namba inakuwa kubwa. Basi ukitoka milimita kwenda mita, gawanya kwa 1000: 2500 mm/s² ni 2.5 m/s². Ukitoka mita kwenda milimita, zidisha.

Mtego wa pili ni ile alama ya mraba. Kijana wetu alipoiona aligawanya kwa 1000 mara mbili. Lakini mraba ni wa sekunde, si wa mita. Sekunde hatukuigusa, tumebadili urefu tu. Gawanya mara moja.

Mtego wa tatu ni mkato. Kule kwetu tulifundishwa kuandika 9,8. Hapa mwalimu anaandika 9.8 kwa nukta, na mkato anautumia kutenga maelfu. Kwake 1,000 ni elfu moja. Mtoto aliyezoea Kifaransa anasoma moja tu. Jibu linakosewa mara elfu, na mtoto anadhani hana akili. Wazazi, waelezeni watoto jambo hili mapema.

4. VIPIMO VIDOGO VINA KAZI GANI?

Wataalamu wana kipimo kiitwacho gali, kwa heshima ya Galileo Galilei wa Italia (1564-1642), aliyechunguza vitu vinavyoanguka. Gali 1 ni sentimita 1 kwa sekunde mraba, hivyo embe letu lina karibu gali 980. Sehemu moja ya elfu ya gali ni miligali, yaani mikromita 10 kwa sekunde mraba. Ukipanda juu mita 1 tu, mvuto wa dunia unapungua kwa karibu miligali 0.3, sawa na mikromita 3 kwa sekunde mraba. Mwili wetu hausikii, lakini chombo kinasikia. Kwa badiliko dogo namna hiyo watu hutafuta mafuta ardhini na kuchunguza volkano.

Na kosa la vipimo lina gharama. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni, na nyingine ikazisoma kama nyutoni.

5. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Katika Torati Mungu aliwakataza watu wake kuweka vipimo vya namna mbili, kikubwa na kidogo. Naye Bwana Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika kidogo ni mwaminifu katika kikubwa pia. Nukta ni kitu kidogo. Tuwe waaminifu hata hapo.

Tena, wapendwa, kule nyumbani mmoja alikuwa mwalimu, mwingine muuguzi, mwingine fundi. Hapa tunaitwa kwa namba ya kadi. Kipimo tunachopimwa nacho kimebadilika, lakini mtu ni yule yule mbele za Mungu. Usikubali namba ndogo ikuambie kwamba wewe umepungua.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Badili 4500 mm/s² kuwa m/s².
2. Badili 0.06 m/s² kuwa mm/s².
3. Miligali 50 ni mikromita ngapi kwa sekunde mraba?
4. Ni jambo gani dogo ambalo Mungu ameikabidhi familia yetu?

Majibu: (1) 4.5, (2) 60, (3) 500. La nne mlijibu wenyewe, kisha mwombeane.

Yule kijana alirudia swali lake pale pale mezani, akalipata. Jumatatu alikwenda shule.

Mungu awabariki.