SOMO LA WIKI: Daftari la madeni ndani ya kompyuta

Muuza mitumba wa Kiboriloni akiandika, "Mteja wa Himo, mabelo mawili, atalipa Jumamosi", habari hiyo ni deni, ni mteja na ni tarehe. Daftari la karatasi huiweka ukurasa mmoja tu.

Mwaka 1984 programu ya Sidekick ya Borland ilileta kalenda, kikokotoo na orodha ya simu juu ya kazi nyingine bila kuifunga. Mwaka 1988 Lotus Agenda ilizidi hapo: habari moja ilionekana chini ya vichwa vyote vitatu.

Hata hivyo, Lotus iliacha kuiendeleza, na walioitegemea wakabaki na programu isiyoboreshwa tena.

Funzo: kabla ya kununua programu, uliza madeni yatatokaje humo. Kila wiki chapa orodha, uiweke kabatini. Deni lisiloonekana halidaiwi.