Jua la Shambani na Mtoto wa Jicho

Mkulima wa miwa kule Mumias huingia shambani alfajiri na kutoka jua likiwa utosini. Mwendesha boda boda wa Lurambi hushinda barabarani mchana kutwa. Wote wanajua kwamba jua huchoma ngozi. Ni wachache wanaojua kwamba linafika ndani ya jicho pia.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, angavu kama kioo safi, inayokusanya mwanga ili tuone. Imejengwa kwa protini ambazo mwili hauzibadilishi. Miale ya urujuanimno, ambayo wengi huijua kwa kifupi UV, huziharibu kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka mpaka zishikamane, mithili ya ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipikwa. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho.

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza wavuvi 838 wa Ghuba ya Chesapeake. Kiasi cha miale ya UV-B iliyopokewa na jicho maishani kikiongezeka maradufu, hatari ya kupata aina moja ya mtoto wa jicho ilipanda kwa asilimia 60. Na wavuvi hao wako mbali na ikweta. Sisi ikweta inapita hapo Maseno, na mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako miale hupenya zaidi. Hata mawingu hayaizuii yote.

Ni kweli, umri ndio chanzo kikuu. Kisukari, sigara na majeraha ya jicho huchangia. Lakini umri hauzuiliki. Jua linazuilika kwa kofia.

Kofia yenye ukingo mpana hupunguza karibu nusu ya miale inayofika machoni, na inafaa zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukinunua miwani, tafuta alama ya UV400. Weusi wa kioo si kinga: miwani nyeusi isiyozuia miale hufanya mboni ipanuke, na miale ikapata mlango mkubwa zaidi. Watoto nao wavae kofia, kwa maana hesabu ya jua huanza utotoni.

Kwa mzee ambaye tayari anaona ukungu, kofia haitamrudishia macho. Hakuna matone, asali wala mitishamba inayoyeyusha mtoto wa jicho, na baadhi ya dawa hizo huleta vidonda vibaya. Tiba ni upasuaji. Jicho hutiwa ganzi, lenzi yenye ukungu hutolewa na ya bandia huwekwa, kwa kawaida kwa muda usiozidi saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Anayesumbuliwa na taa za magari usiku, au anayebadilisha miwani kila mara bila nafuu, afike kupimwa katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kaunti hapa Kakamega, au Hospitali ya Macho ya Sabatia kwa jirani zetu wa Vihiga. Na nyanya ambaye sasa anaongozwa na mjukuu hadi mlangoni asiambiwe angoje jicho "liive". Ushauri huo umepitwa na wakati. Lenzi ikiachwa ikomae mno, upasuaji huwa mgumu zaidi.