Trekta la Jeshi na Kijiko Chake

Msomaji mwenzangu, chombo kilichoundwa kwa kazi moja hakikubali kazi nyingine bure. Somo hili nililipata likizo iliyopita kwa mjomba wangu huko Kongwa, nami naliandika ili wenzangu wa shamba la shule wasilipate kwa njia niliyolipata mimi.

Kongwa yenyewe ni mwalimu wa jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, basi wakanunua mashine kuukuu zilizoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Tena kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vifaru aina ya Sherman, kikaondoa mizinga, kikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Lakini mashine nyingi ziliharibika upesi, udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Mjomba naye alinunua mnadani trekta dogo lililokuwa la jeshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta matela, yaani kubeba taabu yake nyuma. Fundi mmoja akalifungia kijiko mbele, kinachoinuliwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Kijiko kikijaa samadi, magurudumu ya nyuma yalikuwa mepesi. Dawa yake ilikuwa kutuketisha vijana wawili nyuma ili tuwe uzito. Siku moja, tukiteremka kilima, gurudumu la mbele liliingia shimoni. Nyuma kukaruka, na mtoto wa mjomba akarushwa chini. Alivunjika mguu. Gurudumu lilimkosa kichwa kwa shubiri moja.

Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari nikakumbuka somo la wenzo. Tuseme ekseli mbili za trekta zimeachana mita 2, na kijiko chenye kilo 500 kiko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo ndiyo egemeo. Zidisha 500 kwa 1.5, upate 750. Gawanya kwa 2, upate 375. Basi magurudumu ya nyuma yamepunguziwa kilo 375, na yale ya mbele yameongezewa kilo 875. Sasa fikiri: trekta letu, kama mengi ya zamani, lina breki katika magurudumu ya nyuma tu. Breki ya gurudumu linaloelea hukamata nini?

Dawa ya kweli nayo imo katika hesabu hiyo hiyo. Tukifunga sanduku la mawe mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, litakuwa mita 3 kutoka egemeo. Gawanya 750 kwa 3: kilo 250 zatosha kurudisha uzito wote uliopotea nyuma. Tena mzigo ulioongezeka mbele hushuka kutoka kilo 875 hadi 750, ekseli ikapumua.

Haya basi tuyashike. Kwanza, uzito wa nyuma uwe mawe au chuma kilichofungwa imara, usiwe mtu kamwe. Pili, mzigo ubebwe chini karibu na ardhi. Kijiko kiinuliwe mahali pa kumwagia tu. Tatu, ukiteremka na kijiko kilichojaa, shuka kinyumenyume, ili mzigo ubaki upande wa juu wa kilima. Nne, asisimame mtu chini ya kijiko kilichoinuliwa, kwa maana mpira wa mafuta ukipasuka hakuna kinachokizuia.

Asubuhi nilimwonyesha mjomba daftari. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia jana?" Sikuwa na jibu. Hesabu nilikuwa nayo tangu Kidato cha Pili. Nilidhani ni ya mtihani.