SOMO LA LUGHA: MNENE, MNONO NA MAFUTA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwaka huu tulimsikia mwanafunzi akimwita mwenzake "Bonge", na darasa zima likacheka. Aliyeitwa hakuja chuoni siku 3. Ndipo tukaona tuandike somo hili.

KISWAHILI
Mtu hunenepa, mnyama hunona. Twasema mtu mnene na mbuzi mnono. Tena "nene" si la mwili tu: kuna kitabu kinene na sauti nene. Wazee wetu wakisema "umenenepa", mara nyingi wanasifu afya. Wakisema "umekonda", wanakuuliza kama unaumwa.

KIARABU
Mzizi wa sin, mim na nun hutoa "samiin", yaani aliyenona, na "samn", ndiyo samli yetu. Katika Surat Yusuf (12:43), mfalme aliota ng'ombe 7 "simaan", yaani wanono, wakiliwa na 7 "ijaaf", waliokonda. Mafuta ya mnyama ni "shahm", nasi tukapata shahamu. Mafuta ya zaituni ni "zayt".

KIINGEREZA
Neno "fat" hubeba yote mawili: unene wa mtu na mafuta ya chakula. Hapo mtu hudhani kwamba mafuta pekee ndiyo hunenepesha. Ni kweli gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, na ya sukari au wanga ina 4. Lakini mwili hugeuza chakula kinachozidi mahitaji kuwa akiba ya mafuta, hata kama ni wali au soda. Surat Al-A'raf (7:31) imekataza israfu katika kula na kunywa. Haikutaja mafuta peke yake.

MAFUNZO
Surat Al-Hujurat (49:11) imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Sahaba Abdullahi bin Mas'ud (R.A.) alikuwa mwembamba. Watu walipocheka wembamba wa miundi yake, Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Basi mizani ya sokoni hupima kilo. Mizani ya Akhera hupima amali.

MASWALI
1. Eleza tofauti ya kunenepa na kunona.
2. Samli na shahamu yametokana na maneno gani?
3. Je, yuko mwenzako uliyemwita jina asilolipenda? Mwombe radhi leo.

Wabillahi tawfiq.